Gunia Kwenye Tundu la Hewa

Nafula, mama,

Tafadhali soma barua hii ukiwa umeketi jikoni, mbele yangu, usiisome kwenye treni. Treni yako ya kaskazini ni ya saa nne, na ukiamka mapema kama ulivyoahidi tutakuwa na zaidi ya saa nzima. Mtu akikasirika ndani ya treni, hasira yake haina wa kuipokea. Nataka yako inikute nimekaa.

Naandika nikiwa huku chini, kwenye chumba cha kufulia. Zamu yetu ya mashine inaisha saa mbili, na nguo zako ndizo zinazozunguka hapa mbele yangu. Umeniambia mara tatu nisifue, kwamba huko kwenye shule yenu ya ufugaji Norrland mtakuwa na mashine zenu. Nimefua. Sitakuandikia habari za soksi za sufu wala za kula kabla ya kutoka, hayo nimeyasema kwa mdomo hadi ukaniambia "Jag vet, mamma", kwamba unajua, unajua, unajua. Hili la leo ndilo usilolijua.

Jumapili tulipokuwa tukifunga sanduku lako, uliniambia kwamba kundi lenu litapewa banda la kuku arobaini kuwatunza majira haya ya baridi. Nikafurahi. Kisha ukasema kwa Kiswidi, huku ukikunja sweta, kwamba safari hii hutagusa tundu la hewa. Ukacheka. Mimi pia nikacheka, nikaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Usiku huo ulilala na dirisha wazi, kama kawaida yako. Miaka kumi nimegombana na wewe juu ya dirisha hilo. Nje theluji, ndani wewe umeliacha wazi upana wa kidole, nami nakuuliza kama unataka kuupasha joto mji mzima wa Tumba. Nilikuita mkaidi. Nilisema umeirithi tabia hiyo kwa baba yako. Jumapili nikasimama mlangoni mwa chumba chako, nikahisi ule ubaridi miguuni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa. Tangu ulipokuwa na miaka tisa umekuwa ukilala hivyo ili usimuue mtu.

Basi nikaona siwezi kukuacha uende hivyo.

Nianze na yule bibi wa Kiswidi, Tant Birgitta. Nilianza kwenda kwake kama mhudumu wa wazee, kumwosha mgongo na kumtia dawa machoni. Baba yako alikuwa amesharudi Kenya, tumebaki mimi na wewe. Nikiwa na zamu ya jioni ulikuwa unatoka shuleni unaenda kwake moja kwa moja, anakupa mkate mtamu wa mdalasini, unamsomea barua zake kwa sauti. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mbao ambalo marehemu mumewe alifugia kuku zamani. Siku moja nikamwambia kwamba kwetu mwanamke asiye na kuku ni mgeni hata nyumbani kwake. Akacheka, akanipa ufunguo.

Tukanunua mitetea sita. Uliwapa majina ya walimu wako, na yule mwenye madoa ukamwita Fröken, kama mlivyokuwa mkimwita mwalimu wenu wa darasa. Wakati wa kiangazi nilikuwa malkia. Mayai sita kwa siku, na Wakenya wote wa kanisani wananiuliza habari za kuku wa kienyeji.

Kisha baridi ikaja, na maji yakaanza kuganda.

Wewe unajua sasa, lakini mimi sikujua, kwamba shida ya kuku wakati wa baridi ni maji. Manyoya yao ni blanketi tosha. Lakini kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hana joto. Naweka maji saa kumi na mbili asubuhi, nikirudi saa nane nakuta jiwe jeupe, na kuku wamelizunguka wanalidonoa, tok, tok, kama watu wanaobisha hodi kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nikaona wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, nikasema kumbe! Nikatia chumvi kwenye maji ya kuku. Tant Birgitta akaonja kwa kidole, akaimwaga ndoo nzima kwenye theluji bila kuniuliza. "Rhoda," akasema, "hiyo chumvi itawaua kabla ya baridi."

Akaniketisha kwenye kibao na kunifundisha. Wewe ulikuwepo, unakula. Alisema tuwe na mabeseni mawili meusi ya mpira: moja likiwa nje, jingine linayeyuka ndani ya nyumba, na barafu ikishika unalipindua beseni na kulikanyaga, mpira haupasuki. Maji yawe ya uvuguvugu, yabadilishwe asubuhi, mchana na kabla ya giza. Akasema akiwa na nguvu za kwenda mjini atanunua bamba la umeme lililotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, la kuwekea juu chombo cha bati, lenye joto dogo la kuzuia tu maji yasigande, na fundi afunge swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na waya upitishwe mahali ambapo kuku hawafiki kuudonoa. Taa ya joto juu ya nyasi kavu hakutaka hata kuisikia. Halafu akanyoosha kidole juu kabisa ukutani, karibu na paa, penye tundu la hewa. "Na lile," akasema, "haliguswi. Kuku hafi kwa baridi, Rhoda. Anakufa kwa kiu na kwa unyevu. Hewa yao chafu lazima itoke, la sivyo inarudi kuwaunguza undu kwa barafu." Akajishika juu ya kichwa, pale penye ile nyama nyekundu ya kuku.

Nikamjibu, na jibu hili linaniuma hadi leo: "Tant Birgitta, mimi nilizaliwa nikakuta kuku nyumbani."

Mwanangu, kiburi changu unakijua. Nchi hii imenifundisha upya jinsi ya kutembea, kupanga takataka, kusubiri foleni. Niliyaacha mengi wanifundishe. Lakini kuku? Mluhya afundishwe kuku?

Wiki ile nilipewa zamu za mchana hadi usiku, siku tano mfululizo. Sikuweza kubadilisha maji mchana, na Tant Birgitta mguu ulikuwa umevimba. Nikamkumbuka bibi yako, yule ambaye wewe ni jina lake. Alikuwa akilea vifaranga kwa chungu chenye matundu, ndani makaa ya moto, na vifaranga wamekizunguka usiku kucha. Sikumbuki hata kimoja kilichokufa. Nami nilikuwa na jiko la makaa, lile tunalochomea nyama Wakenya tukikutana kiangazi.

Nililiwasha nyuma ya banda. Nikasubiri moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, kama nilivyoona kwa mama. Nilidhani kisicho na moshi hakina madhara. Nikaliweka ndani juu ya matofali, nikalizungushia bati, ndoo ya maji nikaiweka kando yake. Nikasimama kidogo nikahisi joto lote linapanda na kutokea juu, kwenye lile tundu.

Nikachukua gunia tupu la mchele. Nikapindua ndoo nyingine, nikapanda juu yake, nikanyoosha mikono hadi mabega yakauma, nikaligongelea gunia kwa misumari minne.

Mimi, Nafula. Saa sita na nusu mchana. Nikashuka, nikafunga mlango, nikawahi basi.

Jikoni kwa mama yangu kuta zilikuwa za udongo wenye nyufa, na kati ya ukuta na paa mkono ulipita. Hewa ya sumu ya makaa ilikuwa inatoka yenyewe, hakuna aliyejua ipo. Nyumba za huku zimezibwa kama chupa, hata za kuku. Hilo sikulijua, lakini nilikuwa nimeambiwa, na aliyeniambia alikuwa na kuku miaka arobaini kwenye banda lile lile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimekuimbia wewe tangu ujue kusikia. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Ulitoka shuleni, giza limeanza kuingia. Ulikwenda kwanza bandani kama ilivyokuwa kazi yako, kuvunja barafu na kuokota mayai. Ukakuta joto. Nadhani ulifurahi. Ulifunga mlango ili joto lisitoke, na kila mtoto angefanya hivyo, ukakaa kwenye nyasi na Fröken mapajani. Hivyo ndivyo Tant Birgitta alivyokukuta. Mkate ulikuwa umepoa na wewe hujaingia, akachungulia dirishani akaona nyayo zako kwenye theluji zinakwenda bandani na hakuna zinazorudi. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, mguu umevimba, akatoka bila koti, na viatu vya mbao. Akakuvuta kwa kofia ya jaketi lako hadi nje. Kisha akarudi kwa ajili ya kuku, akang'oa lile gunia kwa fimbo yake, lakini kuku walikuwa wamekwisha kuanguka chini ya fito zao, wote sita.

Mimi nilikufikia hospitalini Flemingsberg ukiwa na barakoa ya hewa usoni. Uso wako ulikuwa na rangi nzuri mno, na daktari akaniambia hiyo ndiyo rangi ya sumu hiyo. Akaniuliza, taratibu kabisa, nini kilitokea. Nikamweleza jiko. Akauliza kama banda halikuwa na pa kupitishia hewa.

Nisikilize sasa. Hapa ndipo nilipokukosea.

Unajua hofu tuliyokuwa nayo wazazi wa kutoka kwetu. Kila mkutano wa Wakenya ulikuwa na kisa cha mtoto aliyechukuliwa na ustawi wa jamii, na kila kisa kilikuwa cha mtu anayemjua mtu. Niliona karatasi mikononi mwa daktari. Niliona mlango. Nikajiona narudi Tumba peke yangu. Nikasema: "Tundu lilikuwepo. Mtoto aliliziba. Alikuwa anacheza."

Daktari akaandika.

Ulipoamka hukukumbuka chochote cha siku ile, hata shule. Wakaniambia sumu hiyo hufanya hivyo. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Nikakuinamia nikakwambia kwa Kiswahili, ili muuguzi asielewe: "Ukiulizwa, sema ulikuwa unacheza, ukaziba tundu kwa gunia." Ukaniangalia. Ukauliza, "Na Fröken?" Nikakwambia amekufa. Ukauliza, "Kwa sababu niliziba?" Nami nikasema ndiyo.

Nimeliandika neno hilo na kalamu imesimama muda mrefu. Mashine imemaliza duru yake, nimehamishia nguo kwenye kikaushio. Nimerudi.

Yule mama wa ustawi wa jamii alikuja mara mbili, akanywa kahawa, akanipa karatasi kuhusu moto na hewa, akakupa kitabu cha kupaka rangi. Hakuonyesha hata kidogo kutaka kukuchukua. Kama ningemwambia ukweli, nadhani angenikaripia, labda angekuja mara nne badala ya mbili. Nilikuuza kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwa njiani.

Kisha kanisani. Hili unalikumbuka, na ndilo linalonichoma kuliko lile la hospitali, maana kule niliogopa, huku sikuwa na kisingizio. Walinisihi nitoe ushuhuda. Nikasimama mbele ya watu, nimekushika mkono, na wewe umevaa lile gauni la kijani. Nikasimulia jinsi mtoto alivyoziba tundu kwa utundu wake, na jinsi Mungu alivyomtoa kwenye mdomo wa mauti. Watu wakaimba, kina mama wakapiga vigelegele. Wewe hukuimba. Ulikuwa unaangalia viatu vyako, na jasho la kiganja chako lilikuwa mkononi mwangu. Nikadhani ni aibu ya mtoto mbele za watu.

Tangu siku hiyo, kila nikichinja kuku, firigisi ni yako. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi, na bibi yako angezimia kuona. Ulidhani nakudekeza. Ilikuwa faini, nami nilijua ni faini ndogo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi, kwa sababu aliyeibeba njiani ni mtoto.

Tant Birgitta alijua. Wiki moja baada ya wewe kutoka hospitali aliniita, akaniwekea mezani kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na gunia limekunjwa, na misumari minne. Akasema, "Mtoto wako ananifikia hapa," akaweka mkono kifuani kama anayepima kimo. Kisha akanyoosha fimbo yake juu, akaonyesha lilipokuwa tundu. Akasema, "Sitamwambia mtu mwingine. Lakini wewe mwambie msichana. Si leo, Rhoda. Ila mwambie."

Miaka iliyofuata hakulirudia neno hilo. Kila mara nilipomwosha mgongo, aliniuliza tu, "Bado?" Nami nikamjibu, "Bado ni mdogo." Ulipofika miaka kumi na tano nilikuwa bado nasema wewe ni mdogo. Sasa yupo kwenye nyumba ya wazee na hanijui mimi wala hajijui yeye mwenyewe. Nilimtembelea Jumatatu, siku moja baada ya ile ya sanduku. Nikamwambia sikioni, "Nitamwambia." Akaniuliza kama mimi ndiye ninayeleta maziwa. Kwa hiyo ukweli huu umebaki kwa mtu mmoja tu. Ningegongwa na gari hapo stesheni, ungezeeka ukiamini uongo wangu.

Nimejiuliza pia, tangu Jumapili, kama umeichagua kazi hii ya wanyama kwa kuipenda au kwa kulipa. Sitaki jibu. Nataka tu ujue kwamba huna unachodaiwa, ili ukibaki nayo iwe kwa kuipenda. Na ukiiacha, usimweleze mtu sababu.

Kuhusu hao arobaini, sina la kukufundisha. Umeshajifunza kwa watu wanaojua kuliko mimi. Ninachokijua ni kidogo, na nimekinunua kwa bei ambayo wewe ndiye uliyeilipa: akikwambia mtu wa mahali kwamba hapa mambo ni tofauti, usimjibu ulizaliwa wapi. Na ukikosea huko, maana utakosea, maji yataganda, kuku atakufa, sema siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza neno lenyewe linabebeka. Mimi nililiacha likalala, na kila asubuhi likaamka zito zaidi.

Kikaushio kimesimama. Nazikunja nguo zako zikiwa bado na joto.

Kesho asubuhi utakuta chai mezani, barua hii, na kopo la kahawa la Tant Birgitta. Lifungue. Lilaze gunia juu ya meza uone matundu manne ya misumari kwenye pembe zake. Mtoto anayecheza haligongelei gunia pembe zote nne kwa nyundo, urefu wa mkono mmoja juu ya kichwa cha mama yake.

Sikuombi unisamehe kabla ya treni. Usinijibu kwa Kiswahili kwa kunihurumia, nijibu kwa lugha yoyote ambayo hasira itakuja nayo. Ukitaka kwenda stesheni peke yako, nenda, begi la magurudumu ni jepesi, nimelipima. Ukitaka nikusindikize bila kusema neno, nitanyamaza, najua huamini lakini nitanyamaza.

Nina ombi moja tu. Wale kuku sita waliokufa kwa mkono wangu, umewalilia miaka kumi kwa jina lako. Nirudishie. Ni wangu.

Mama yako,
Rhoda